Neno la Mchanga katika Majina ya Mimea

Hakuna Mkristo asiyeujua mfano wa watu wawili waliojenga nyumba, mmoja juu ya mwamba, na wa pili juu ya mchanga. Mfano huo umo katika Injili ya Mathayo, mlango wa 7. Nasi tukiifungua Biblia ya Kilatini, ambayo Mtakatifu Yeronimo alianza kuitengeneza karibu na mwaka 382, twaona ya kuwa neno lililowekwa hapo kwa mchanga ni arena. Tena tukirudi nyuma hata kitabu cha Kutoka, mlango wa 2, mahali Musa alipomficha yule Mmisri mchangani, twakuta neno lingine, nalo ni sabulum.

Maneno haya mawili yalikuwa kwanza katika vinywa vya wakulima na wajenzi wa Rumi. Baadaye yakaingia katika Maandiko, kisha yakaingia katika vitabu vya elimu ya mimea, nayo yamo humo hata leo. Twapenda kuwasimulia historia yake, maana si habari ya maneno matupu. Kuna nchi ambako mashamba, na hata nyumba ya Mungu, vilizikwa na mchanga baada ya watu kung'oa majani ya pwani. Na jina walilopewa majani hayo katika vitabu limetokana na neno hili hili arena.

Kwanza na tuwaangalie Warumi. Arena, ambalo wengine wao waliliandika harena, lilikuwa ni mchanga wa kawaida: mchanga wa pwani, mchanga wa mto, mchanga wa kuchanganya na chokaa wakati wa kujenga. Lakini Warumi walikuwa na viwanja vya michezo vilivyozungushiwa kuta na viti vya watazamaji, na kiwanja kikubwa kupita vyote kilifunguliwa mjini Rumi mwaka 80, siku za Kaisari Tito. Katikati ya viwanja hivyo walitandaza mchanga, ili uinywe damu ya watu na wanyama waliopigana. Hata baada ya muda kiwanja chenyewe kikaitwa arena, yaani mchanga. Basi tukisoma ya kwamba Blandina aliteswa mjini Lyon mwaka 177, na Perpetua na Felisita mjini Carthage mwaka 203, tujue ya kuwa waliletwa mbele ya watu juu ya mchanga huo. Neno lililo katika mfano wa mjenzi mpumbavu likawa jina la mahali ambapo imani ya wanawake hao ilisimama kama mwamba.

Dola ya Rumi ya magharibi ilipoanguka, Kilatini hakikufa pamoja nayo. Kilibaki kuwa lugha ya ibada, ya sheria, ya utabibu na ya vyuo katika Ulaya nzima. Tabibu wa Uswisi aliweza kumwandikia tabibu wa Ureno habari za mmea fulani, naye akafahamu, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyejua lugha ya nyumbani kwa mwenziwe. Mwaka 1623 Caspar Bauhin, mwalimu katika mji wa Basel, alitoa kitabu kilichokusanya majina ya mimea kama 6,000. Walakini majina ya siku zile yalikuwa marefu, maneno manne, matano, na pengine kumi kwa mmea mmoja, kana kwamba huwezi kumwita jirani yako pasipo kutaja babu zake wote.

Aliyeupunguza mzigo huo alikuwa mtoto wa mchungaji. Carl Linnaeus alizaliwa mwaka 1707 katika kijiji cha Uswidi, na baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri, tena mpenda bustani. Mtoto akakua akiwa na mimea machoni pake kila siku. Mwaka 1741, alipokuwa mtu mzima mwenye elimu, alitumwa kwenda visiwa vya Öland na Gotland kutafuta mimea na udongo wa kuifaa nchi yake. Hata mwaka 1753 akatoa kitabu kikubwa, Species Plantarum, chenye karibu mimea 6,000, na humo kila mmea ulipewa jina la maneno mawili tu: la kwanza ni la ukoo wake, na la pili ni la kuupambanua na ndugu zake. Tena chini ya jina aliandika mahali mmea unapoota, akianza kwa neno Habitat, ambalo maana yake ni "hukaa". Twaona jinsi alivyofikiri. Mmea una jina lake kama mtu, na una makao yake kama mtu, wala hujamjua mtu ikiwa hujui akaako.

Hapo ndipo neno la mchanga lilipopata kazi kubwa. Kilatini, kama Kiswahili chetu, huota maneno mengi katika shina moja. Katika arena hutoka arenosus, na arenarius, na arenicola. Arenosus ni "-enye mchanga mwingi", na husemwa hasa juu ya ardhi. Arenarius ni "-a mchanga", na husemwa juu ya mmea wenyewe. Arenicola ni "mkazi wa mchanga". Mwisho wa neno hili, yaani -cola, ni ule ule ulio katika agricola, mkulima, mtu akaaye shambani na kulitunza. Uko mshubiri mmoja wa Afrika ya Kusini uotao katika mchanga wa pwani ya magharibi, nao mwaka 1938 ulipewa jina Aloe arenicola. Mtu akilisikia jina hilo tu, amekwisha kujua pa kwenda kuutafuta.

Sabulum nalo lina mtoto wake, sabulosus. Waandishi waangalifu hulitumia neno hili kwa mchanga wa chembe kubwa, ulio karibu na kuwa changarawe. Na changarawe yenyewe ina neno lake, glarea. Si waandishi wote walioishika tofauti hiyo, lakini msomaji akikuta in sabulosis badala ya in arenosis, yafaa asimame kidogo afikiri. Na hayo in arenosis ni nini? Ni "mahali penye mchanga". Sisi twasema kwa neno moja tu, mchangani. Wakiongeza maritimis, ni mchangani karibu na bahari. Maneno matatu ya Kilatini yaandikwapo, msomaji wa Uswidi, na wa Brazil, na wa Unguja, wote wamefika pwani pamoja.

Kiyunani nacho kilitoa msaada wake. Wayunani walikuwa na maneno mawili ya mchanga, ammos na psammos. Kwa hiyo mmea upendao mchanga waweza kuitwa psammophilus, maana philos ni rafiki au mpenzi.

Liko na jambo jingine ambalo sisi wenye Kiswahili twalifahamu upesi. Katika Kilatini sifa hufuata jina lake, kama vile sisi tusemavyo mti mzuri, kitu kizuri, nyumba nzuri. Ndiyo sababu kuna Elymus arenarius, na Carex arenaria, na Helichrysum arenarium. Mimea ni mitatu, na miisho ya neno ni mitatu, lakini mchanga ni ule ule. Mtoto wa shule aliyekwisha kujua ngeli za Kiswahili hatashangaa hata kidogo.

Tena tusidhani ya kuwa mambo haya yalikwisha pamoja na watu wa kale. Tangu tarehe 1 Januari 1935 ilikuwa sharti kwa kila mtu aliyetaka kutangaza mmea mpya auelezee kwa Kilatini. Sharti hilo lililegezwa tarehe 1 Januari 2012, na tangu siku hiyo maelezo huandikwa kwa Kilatini au kwa Kiingereza. Lakini majina yenyewe yangali yakiundwa kwa namna ya Kilatini, na arenarius na arenicola hazijapumzika.

Sasa twafika kwenye majani tuliyoyataja mwanzo. Huota katika vilima vya mchanga kandokando ya bahari za Ulaya. Ni marefu, magumu, yenye ncha kali, na Wadenmaki huyaita hjælme. Linnaeus aliyaandika mwaka 1753 kwa jina Arundo arenaria, yaani tete la mchanga. Mwaka 1809 tabibu Host wa Vienna aliunda jina la ukoo Ammophila, rafiki wa mchanga, na mwaka 1827 Link wa Berlin akayaandika Ammophila arenaria. Hivyo mchanga ukatajwa mara mbili katika jina moja, kwa Kiyunani na kwa Kilatini. Siku hizi wataalamu wengi huyahesabu katika ukoo wa Calamagrostis, kama Roth alivyokuwa amekwisha kufanya mwaka 1788. Basi ukoo umebadilishwa mara kwa mara, lakini neno arenaria limebaki hata leo. Watu walishindana juu ya ndugu za majani haya, wala hawakushindana juu ya makao yake.

Na makao hayo si jambo dogo. Mimea mingi ikifunikwa na mchanga hufa. Majani haya yakifunikwa huzidi nguvu. Shina lake hupanda juu kutafuta mwanga, na mashina mengine hutambaa chini kwa chini na kutoa mizizi kila upande, mpaka kilima kizima kimefungwa kama mzigo uliofungwa kwa kamba. Juu ya ardhi nako, upepo upitao katika majani hupunguza mwendo, nao ukipunguza mwendo huangusha mchanga uliouchukua. Wakati wa ukavu jani hujikunja kama mkeka, ili maji yaliyomo yasipotee. Kwa hiyo majani haya hukaa mchangani, tena huufanya mchanga ukae. Bila hayo kilima hicho huondoka, na kikiondoka huenda upande wa mashamba.

Watu wa pwani za kaskazini waliliona jambo hili kwa macho yao, nao walilipa gharama yake. Katika Uskoti, pwani ya Moray, palikuwa na shamba kubwa lenye rutuba lililoitwa Culbin. Watu wa pande zile walikuwa wakiyang'oa majani ya vilima kwa kuezekea nyumba zao. Wakati wa mavuno wa mwaka 1694 ilikuja dhoruba, na mchanga ukafunika mashamba na nyumba. Wanahistoria wa leo wasema ya kuwa mchanga ulikuwa umeanza kuingia kidogo kidogo muda mrefu kabla ya dhoruba hiyo. Lakini hilo halipunguzi fundisho, bali lalizidisha, maana watu walikuwa na nafasi ya kuonywa. Mwaka uliofuata, 1695, Bunge la Uskoti likatoa sheria ya kukataza kung'oa majani hayo na vichaka vilivyoshika vilima vya mchanga. Sheria ilikuwa njema, lakini kwa Culbin ilichelewa. Mchanga ule ulitawala hata karne ya 20, ndipo idara ya misitu ilipoanza kupanda misonobari, kwanza ikitandaza matawi juu ya mchanga ili utulie.

Huko Denmark nako, katika ncha ya kaskazini ambapo bahari mbili hukutana, pana mji wa wavuvi uitwao Skagen. Kanisa lao, la Mtakatifu Laurenti, lilijengwa katika karne ya 14, nalo lilikuwa kubwa na lenye sifa. Katika karne ya 18 mchanga ulianza kulikaribia, maana vilima vilikuwa vimepoteza majani yake kwa malisho na kwa mikono ya watu. Ikawa kila Jumapili waumini hawana budi kuuchimba mchanga mlangoni kabla ya kuingia kuabudu. Na tuwaone kwa fikira, wazee kwa vijana, wenye Biblia mkono mmoja na koleo mkono wa pili. Kuta zile hazikujengwa na mjenzi mpumbavu. Zilikuwa kuta imara. Mchanga haukuwa chini ya nyumba tu, ulikuja kutoka kando. Hatimaye, mwaka 1795, kanisa likafungwa kwa amri ya mfalme, kisha likavunjwa, ukaachwa mnara peke yake uwe alama kwa mabaharia. Kanisa jipya la Skagen lilijengwa mwaka 1841. Mnara wa zamani umesimama hata leo, mweupe, kati ya mchanga na miti.

Lakini Denmark haikushindwa kila mahali. Katika Tisvilde, katika kisiwa cha Sjælland, mtu mmoja aitwaye Röhl alipewa mwaka 1724 kazi ya kuuzuia mchanga uliokuwa ukila vijiji. Akatumia nyua na mimea ya mchangani, pamoja na kazi ngumu ya wakulima wa pande zile, na mwaka 1738 ukasimamishwa mnara wa ukumbusho kwa kuwa mchanga umetulia. Baadaye, mwaka 1792, serikali ya mfalme ilitoa sheria kubwa juu ya mchanga upeperukao, na kazi ya kupanda hjælme ikawa kazi ya nchi nzima.

Wasomaji waangalifu wameona jambo moja katika miaka tuliyoitaja. Sheria ya Uskoti ni ya mwaka 1695; kazi ya Tisvilde ilikwisha mwaka 1738; na Linnaeus aliyaandika majani hayo mwaka 1753. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba wanakijiji waliyajua majani haya na kazi yake kabla ya kitabu. Mtaalamu hakuwafundisha ya kuwa ni majani ya mchanga. Aliyachukua yale yaliyokuwa wazi kwa kila mtu wa pwani, akayaweka katika lugha ambayo watu wa mbali wangeweza kuisoma. Hiyo ndiyo faida ya kuandika. Maarifa ya kijiji yasiyoandikwa hufa pamoja na wazee. Yakiandikwa hufika ng'ambo ya bahari.

Hata hivyo jina si kila kitu, na ni wajibu wetu kusema hivyo. Kuna ukoo mzima wa mimea midogo uitwao Arenaria, na mmoja wao, Arenaria serpyllifolia, huonekana pia juu ya kuta za zamani. Jina ni ushuhuda wa mwanzo tu. Tena katika karne ya 19 watu waliyachukua majani ya hjælme na kuyapanda mbali na kwao, katika Afrika ya Kusini, na Australia, na California, wakitumaini yatafunga mchanga kama yafungavyo Ulaya. Nayo yalifunga. Lakini huko California yalienea kupita kiasi, yakawasonga wenyeji wa mchanga ule, na siku hizi watu hugharimu kazi nyingi kuyang'oa. Waliopanda walisoma neno "rafiki wa mchanga", lakini hawakuuliza kwanza, "Mchanga huu una rafiki zake gani?"

Pwani yetu ya Afrika ya Mashariki nayo ina rafiki zake. Juu kidogo ya mahali maji ya bahari yanapofika, hutambaa mmea wenye maua ya rangi ya zambarau hafifu, na jani lake limepasuka nchani kama kwato. Linnaeus aliupa jina la pes-caprae, yaani mguu wa mbuzi, na tangu mwaka 1818 huitwa Ipomoea pes-caprae. Huota katika pwani za nchi za joto duniani kote. Jina lake halisemi mchanga, lasema jani. Lakini katika maelezo yake mchanga hautakosekana, maana ndiyo makao yake. Mtambao wake hufunga ukingo wa pwani, ambao pepo za kusi na kaskazi zinaupiga zamu kwa zamu. Mtu anayefyeka pwani ili ionekane safi huuona ni takataka. Watu wa Culbin nao waliona majani yao ni ya kuezekea tu.

Basi, ndugu zetu, tusione majina ya Kilatini kuwa mzigo wa wasomi. Ndani ya arenaria limo jibu la swali ambalo mkulima yeyote aweza kuliuliza: mmea huu hukaa wapi, na ukiondoka, nini kitaondoka pamoja nao? Walimu na wawafundishe watoto kuandika jina la mmea kwa lugha ya kwao, na chini yake mahali unapokaa: mchangani, bondeni, mwambani, kandokando ya mto. Neno moja la mahali, likiandikwa kwa uangalifu, laweza kuokoa shamba la wajukuu. Na kabla ya kung'oa mmea tusioujua kazi yake, na tuwaulize kwanza wazee wakaao karibu nao. Maana koleo la watu wa Skagen lilikuwa jepesi kulitwaa, lakini Jumapili zilikuwa nyingi, na mchanga haukuchoka.